Barua ya Kumzika Mama Vitumbua

Mama Vitumbua alifariki Alhamisi usiku hospitalini, kwa sukari iliyokuwa imemla figo taratibu kwa miaka. Ijumaa saa mbili asubuhi mwanawe mkubwa, dereva wa bodaboda, alikuwa ameshaegesha pikipiki mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaa mmoja wanaosali pamoja kila wiki. Akaamkia, "Shikamoo mzee, Tumsifu Yesu Kristo," akaeleza msiba, akaomba barua ya kupeleka parokiani ili mama yake azikwe. Mwenyekiti alimpa pole, tena pole ya kweli, akamvutia kiti. Kisha akaingia ndani na kurudi na daftari.

Jina la mama lilikuwamo, namba 31. Mbele yake, miaka minne mfululizo, safu ya mahudhurio ilijaa herufi H: hayupo. Safu ya mchango wa mwezi, shilingi 1,000, ilikuwa tupu kwa miezi 48. Safu ya zaka nayo tupu.

"Mwanangu," mzee akasema, "mama yako namfahamu, vitumbua vyake nimekula. Lakini jumuiya haimfahamu. Nikiandika barua hii, kesho asubuhi wenzangu wataniuliza nimemwandikia nani."

Kijana akatoa simu. Hesabu alishapiga: 48,000, atume sasa hivi, kwa namba ipi? Mzee akakataa. "Hatuuzi mazishi."

Naomba msomaji alishike jibu hilo. Watu wengi nikiwasimulia kisa hiki hurukia kwenye fedha na kuanza kusema Kanisa limegeuka duka. Mwenyekiti huyu hakuwa mla pesa. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Misa ya kila siku, na kwa miaka kumi ameacha usingizi wa Jumamosi kwa ajili ya watu wa mtaa wake. Alikataa kwa msimamo, na msimamo uliokosewa ni mgumu kuuchambua kuliko tamaa.

Kisa nimekipata kwa watu watatu waliohusika, padre akiwa mmojawao, na wameniruhusu nikitumie katika semina za viongozi wa jumuiya kwa sharti kwamba parokia isitajwe na mambo madogo madogo yabadilishwe. Itoshe kusema iko Dar es Salaam, upande wa Mbagala, kule ambako nyumba huota haraka kuliko mapadre wanavyopatikana.

Wanatafuta barua

Baba Paroko alikuwa kwenye mafungo, simu imezimwa. Aliyekuwapo ni paroko msaidizi, kijana mwenye miaka miwili ya upadre. Mwanamume wa bodaboda alipofika ofisini bila barua, padre alimsikiliza, akampigia mwenyekiti, wakazungumza kwa muda mrefu. Katibu wa jumuiya naye akapiga kuongeza neno: yule mama alikuwa akiishi na mwanamume Mwislamu bila ndoa ya Kanisa, mtaa mzima unajua, sasa akisomewa Misa na kuingizwa kanisani, wanaofundishwa ndoa wataelewa nini?

Padre akakata shauri kati kwa kati. Misa hapana, na mwili usipite kanisani. Katekista ataongoza sala nyumbani na makaburini. Mazishi yakawa Jumamosi saa kumi alasiri.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yameshakwenda bila Kanisa. Majirani Waislamu, ndugu wa yule mume (namwita mume kwa kuwa mtaa wote ulimwita hivyo), walifunga turubai tangu Ijumaa mchana, wakaleta mikeka, wakawasha moto. Kwao maiti haikawizwi, wakashangaa kuona jioni inaingia na ratiba haijulikani. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mchele akamuuliza binti wa marehemu, mtoto wa darasa la sita, "Wenzenu wa kanisani wako wapi?"

"Wanatafuta barua," mtoto akajibu.

Usiku wakaja kina mama wanne wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kutoka jumuiya ileile. Walikuja bila sare. Sare ingemaanisha wametumwa, na hawakutumwa. Wakakesha wakisali Rozari kwa sauti ya chini, na asubuhi wawili kati yao wakaenda jumuiya kama kawaida, saa kumi na mbili, wakaandikwa wapo.

Daftari halikuona nini

Nianzie na saa. Jumuiya husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kama ilivyo desturi ya nyingi hapa mjini, kabla jua halijawa kali na watu hawajatawanyika. Ni saa nzuri kwa mstaafu na kwa karani ambaye Jumamosi haendi kazini. Mama huyu alikuwa akianza kuchoma saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tatu, na Jumamosi ndiyo siku iliyomuuzia kuliko zote kwa sababu watoto hawaendi shule na baba wa nyumba anataka chai ya kitako. Kumwambia aache karai siku hiyo ni kumwambia aache kodi ya chumba. Kwa hiyo zile H 200 na zaidi, ukizisoma vizuri, zinahesabu Jumamosi alizofanya kazi.

Sasa fedha. Mama alikwenda Misa ya Jumapili jioni, karibu kila wiki. Majirani wa benchi wanamkumbuka. Alitoa sadaka kapuni, sarafu na noti ndogo za biashara yake, zenye harufu ya mafuta. Hakutumia bahasha yenye namba. Alimwambia mwanawe kwamba anaona aibu kuandika shilingi 500 mahali ambapo wenzake wanaandika 20,000. Kapu halina majina, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za parokia mwanamke huyu hakuwahi kutoa chochote. Mjane wa Injili, yule wa sarafu mbili, naye angeonekana hivyohivyo kwa mweka hazina wa hekalu. Ilibidi awepo mtu ameketi akitazama.

Na jambo la tatu, zito kuliko yote. Jumatano, siku moja kabla ya kufa, aliomba aletewe padre. Kijana alipiga namba iliyoandikwa kwenye ubao wa matangazo, ikaita bila kupokewa. Kumpigia mwenyekiti aliona haya. Alijua daftari litasemaje. Alhamisi ikapita. Ijumaa, katika mazungumzo yote yale ya barua, mahudhurio na ndoa, hakuna aliyemuuliza kama mama yake aliomba sakramenti. Padre mwenyewe aliniambia hilo akiwa ameinamisha kichwa.

Sheria inavyosema

Kanuni ya 1176 ya Sheria za Kanisa haimung'unyi: waamini waliofariki lazima wapewe mazishi ya Kanisa. Ndiyo kawaida, na kunyimwa ni jambo la pekee. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184. Sheria ya mwaka 1917 ilikuwa na orodha ndefu kidogo. Aliyejiua kwa kukusudia alikuwamo, na hata aliyeagiza mwili wake uchomwe. Sheria ya sasa, iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba 1983, imebakiza makundi matatu. La kwanza ni walioasi imani, wazushi na wafarakano, yaani waliojitenga na Kanisa, wanaojulikana hivyo. La pili ni waliochagua kuchomwa kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo. La tatu ni wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kikanisa hakuwezekani bila kuwakwaza waamini hadharani. Na hata hao, sheria inasema, wasinyimwe ikiwa kabla ya kufa walionyesha dalili fulani ya toba.

Asiyehudhuria jumuiya hayumo. Asiyechangia hayumo. Zipo kanuni zinazomdai mwamini alitegemeze Kanisa lake, ya 222 kwa mfano, na mimi si mtu wa kuzipuuza. Lakini kanuni ya 1181, inayozungumzia sadaka za mazishi, inaonya waziwazi kwamba maskini wasikose mazishi wanayostahili. Na kanuni ya 18 inafunga mlango wa mbunifu yeyote: sheria inayoadhibu au kupunguza haki ya mtu isomwe kwa ufinyu. Anayetafuta kundi la nne ndani ya 1184 anatafuta kitu ambacho hakuruhusiwa hata kukitafuta.

Kwenye semina hapa ndipo mkono huinuliwa. "Sawa mwalimu, lakini hakuwa mwanaparokia wetu, hakuandikishwa." Kwa sheria ya Kanisa Katoliki la Kilatini uanaparokia unatokana na makazi. Ukihamia mahali kwa nia ya kukaa, au ukikaa miezi mitatu, tayari una paroko wako hapo, ajue asijue. Kanuni za 102 na 107. Mpangaji wa chumba kimoja aliyeshuka juzi na begi lake kutoka Kigoma ana paroko. Mama huyu alikaa mtaani hapo miaka kumi na tatu.

Mkono wa pili huwa wa ndoa, nao una uzito zaidi. Ni kweli alikuwa akiishi na mwanamume bila ndoa ya Kanisa, na ni kweli mtaa ulijua. Ila sheria haikuishia kwenye neno "wazi". Inataka pia kikwazo kwa waamini, na inataka pasiwe na dalili ya toba. Kikwazo kilikuwapo mtaani, sikatai, lakini kilikuwa cha turubai lililofungwa na Waislamu huku Wakatoliki wakitafuta barua. Dalili ya toba ilikuwapo tangu Jumatano. Na shaka ikibaki, kipengele cha pili cha 1184 kinamwagiza padre amuulize askofu mahalia na kufuata uamuzi wake. Makao ya jimbo kuu yako mjini hapahapa. Ilikuwa simu moja.

Kuna uchungu mwingine ndani ya suala hili la ndoa ambao nisingeuacha. Miaka saba kabla, mama na yule mume walikwenda ofisi ya parokia, si lazima iwe hiyohiyo, kuuliza habari za kufunga ndoa. Mume huyo alikuwa mgane, mkewe wa kwanza alishafariki, hakuwa na mwingine. Wakaambiwa mpaka abatizwe kwanza. Hakutaka kubatizwa, wakarudi nyumbani na mambo yakaishia hapo. Jibu lile halikuwa sahihi. Tofauti ya dini ni kizuizi cha ndoa kwa kanuni ya 1086, lakini ni kizuizi ambacho askofu anaweza kukiondoa: upande wa Mkatoliki uahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake ajulishwe ahadi hiyo. Halazimishwi kuacha Uislamu. Katika jiji ambalo msikiti na kanisa vinagawana ukuta, jambo hili lingepaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ratiba ya Misa. Mwanamke akaishi miaka saba katika hali ambayo Kanisa lenyewe lilikuwa na ufunguo wake, halafu hali ileile ikasomwa juu ya jeneza lake kama kosa lake peke yake. Papa Fransisko alipoandika mwaka 2016 juu ya familia, katika ile sura ya nane iliyozua maneno mengi, aliwataka wachungaji wawasindikize watu wa namna hii, wapambanue hali zao na kuwaingiza ndani ya maisha ya Kanisa. Watu walibishana sana kuhusu Komunyo. Kusindikiza, ambako hakuna aliyekubishia, ndiko kulikosahaulika.

Uamuzi wa kati kwa kati

"Sikumnyima mazishi," padre aliniambia. Na kwa herufi ya sheria ana hoja. Utaratibu wa mazishi uliotolewa na Roma mwaka 1969 una namna tatu, na mojawapo hufanyika nyumbani. Katekista anaweza kuongoza. Vigangoni, ambako padre hufika mara moja kwa mwezi, katekista ndiye anayezika karibu kila mtu na hakuna anayeona kuwa marehemu amedharauliwa.

Tofauti iko kwenye sababu. Kule katekista anazika kwa sababu padre hayupo. Hapa padre alikuwapo, umbali wa nauli ya bodaboda shilingi 1,000, na kila aliyesimama kaburini alijua hilo. Kitendo kilekile kikawa adhabu, na adhabu ya Kanisa haitolewi hivyo. Kanuni ya 221 inampa mwamini haki ya kutoadhibiwa ila kwa kufuata sheria. Marehemu hakushtakiwa wala kusikilizwa, na hukumu ilianzia kwa mwenyekiti asiye na mamlaka hayo. Kuzika ni kazi ambayo kanuni ya 530 inaiweka mikononi mwa paroko.

Simlaumu padre kama wanavyomlaumu wengi. Aliogopa kitu cha kweli. Jumuiya zikivunjika, parokia kubwa ya Dar es Salaam inabaki umati wa watu wasiojuana wanaokutana saa moja na nusu kwa wiki na kugombea maegesho. Padre mmoja hawezi kuwajua maelfu. Jumuiya ndiyo macho yake: nani anaumwa, nani kafiwa, nani kafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Barua ya jumuiya ilianza kama njia ya macho hayo kumwambia padre, "huyu ni wetu." Ilikuwa utambulisho. Sijui ni lini ikawa kibali, ila nahisi imeiga mahali. Mtu wa Dar es Salaam amezoea barua ya serikali ya mtaa kwa kila jambo, kufungua akaunti, kufuata kitambulisho, kumdhamini ndugu. Ameishi chini ya balozi wa nyumba kumi. Mwenyekiti wa jumuiya akipewa mhuri, tayari anajua namna ya kuutumia, kwa sababu ameshaona mihuri inavyotumika.

Nani atatuzika sisi?

Sasa niwape jumuiya nafasi, maana katika visa vya namna hii huwa wanafanywa wabaya kirahisi. Mwaka ule walikuwa wamezika watu wanane. Kila msiba: rambirambi, sahani za kukodi, maji, nauli ya kwenda makaburini, kulala chini siku tatu. Kina mama walewale kila mara. Hoja yao haikuwa ya kisheria, ilikuwa ya kiutu. Wewe hukuja kwa mwenzako, hukuchanga, hukulala matangani, leo ni zamu yako unatuita? Na akizikwa bure huyu, nani atatoa shilingi yake tena?

Hiyo ni lugha ya chama cha kufa na kuzikana, na vyama hivyo ni vitu vya heshima. Vimewabeba watu wa mji huu kwa vizazi, watu waliotoka bara bila ukoo wa kuwazika. Sheria yake ni moja na ya haki: tunazikana sisi tuliochangiana. Kosa la jumuiya lilikuwa kuingiza sheria hiyo, iliyo halali mahali pake, ndani ya sakramenti ya Ubatizo. Asiyechanga anaweza kukosa sahani za jumuiya na rambirambi ya jumuiya. Maji ya baraka hayakununuliwa na mfuko ule. Ubatizo wake haukuwa na mchango wa mwezi.

Lakini sitaki kutenganisha vitu hivi kwa kisu kikali mno. Jumuiya isiyozikana ni kikundi cha kusoma Biblia tu, na watu wetu watakiacha. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1973, waliposema maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya, walimaanisha mahali ambapo maisha na kazi za kila siku hufanyika. Mwaka 1976, Nairobi tena, wakaifanya hiyo ndiyo njia ya kichungaji ya eneo lote. Wazo lilikuwa kwamba Kanisa lishuke kutoka kwenye jengo kubwa hadi uani, penye jiko na kamba ya kuanikia nguo. Ukilisoma hivyo, jambo la kushangaza linajitokeza: mama huyu, kwenye karai lake saa kumi na moja alfajiri, akizungukwa na makondakta, walinzi wanaotoka lindo na watoto wanaotumwa, alikuwa mahali hasa walipopalenga maaskofu. Ni jumuiya iliyokuwa imejifungia sebuleni saa ileile.

Baada ya Sinodi ya Afrika ya 1994, mkutano wa maaskofu juu ya bara letu, Papa Yohane Paulo wa Pili alilikubali na kulitangaza mwaka uliofuata jina walilolichagua maaskofu: Kanisa kama Familia ya Mungu. Sisi tunaijua familia. Ndugu aliyepotelea mjini miaka ishirini bila salamu wala senti, akirudishwa kijijini ndani ya sanduku, wazee hununa. Husema maneno makali barazani, wengine humwambia hata mjane usoni. Halafu huchukua majembe na kuchimba.

Mwenyekiti, nilipomwambia hayo, alinyamaza, kisha akaniuliza swali lililonifunga mdomo: "Na wanaochimba wakichoka?" Nikamtajia Yusufu wa Arimathaya. Injili ya Yohane inasema alikuwa mfuasi kwa siri, kwa hofu. Na Nikodemo aliyemsaidia ni yule aliyekuja usiku. Waliomzika Bwana ni watu wawili ambao kwenye daftari lolote la Mitume wangekuwa na H mstari mzima, wakati wenye mahudhurio kamili walikuwa wamekimbia. Mzee akacheka kidogo. Hakuniambia nimemjibu, na kwa kweli sikuwa nimemjibu.

Paroko aliporudi

Alirudi Jumatatu. Alikwenda kwanza msibani, kabla ya kuita kikao chochote, akaketi mkekani na yule mzee Mwislamu karibu saa nzima. Siku ya arobaini akaadhimisha Misa ya kumwombea marehemu, kanisani, na kabla ya baraka ya mwisho akasema maneno machache: parokia ilimkosea mama huyu na inaomba radhi kwa familia. Hakumtaja padre wala mwenyekiti. Baadhi ya viongozi wa kanda walikasirika kwamba amewavua nguo mbele ya watu.

Baadaye, katika halmashauri ya walei, waamini wasio mapadre, yakapitishwa mabadiliko. Barua ya jumuiya itaendelea, ila ni taarifa. Padre anaweza kuzika bila hiyo, na mwenyekiti asiyemfahamu marehemu anaandika kwamba hamfahamu, basi. Mfuko wa misiba ukapewa daftari lake na masharti yake. Jumuiya mbili zikajaribu kusali Jumapili saa kumi na moja jioni. Namba ya simu ya wagonjwa sasa inashikwa na mtu kwa zamu. Hili la mwisho ndilo ningelianza mimi.

Kuna jambo halikufanyika na linanikera. Kijana angeweza kukata rufaa wapi ile Ijumaa? Hakuambiwa. Sinodi iliyoanza 2021 na kumalizika Oktoba 2024 ilizungumza sana juu ya uwajibikaji wa viongozi, kwamba mwenye huduma atoe hesabu kwa wale anaowahudumia. Papa Leo wa Kumi na Nne, jioni ile alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alisimama roshani na kusema anataka Kanisa la kisinodi, yaani linalotembea pamoja. Katika ngazi ya jumuiya, ambako ndiko mwamini wa kawaida anakutana na mamlaka ya Kanisa kwa mara ya kwanza na mara nyingi ya mwisho, neno hilo bado halijapata sura. Tunamchagua mwenyekiti kila baada ya miaka kadhaa, tunamkabidhi mhuri, tunamwacha peke yake nao.

Matokeo? Jumuiya ya mzee ilipungua. Jumamosi walikuwa wakifika watu ishirini na kitu, miezi miwili baadaye wakawa kumi na wanne. Alichokiogopa kilitokea, angalau kwa sehemu, na mtu mkweli lazima akiandike. Kundi la Jumapili jioni limepata nyuso ambazo hakuna aliyekuwa akizijua: mlinzi, fundi cherehani, mabinti wawili wa saluni, mama ntilie ambaye alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwa katibu. Wanachelewa, wanasinzia, simu zao zinaita katikati ya sala. Zaka wanatoa kidogo sana.

Kijana wa bodaboda haji kundi lolote. Siku ya arobaini alifika kanisani, akakaa nyuma, hakupokea Komunyo. Baada ya Misa akamfuata mwenyekiti nje, akamwamkia vizuri, akampa bahasha yenye namba 31. Ndani mlikuwa na shilingi 48,000. Mzee alimwita jina lake mara mbili, lakini pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Aliipeleka bahasha kwa paroko, paroko akasema irudishwe kwa mwenyewe. Kijana hapokei simu zao. Mpaka naandika haya, bahasha imo kabatini ofisini, haijaandikwa kwenye daftari lolote.